Jina Chini ya Taa

Tangu kulipokucha Wacera alikuwa hajakalia kiti. Alifagia ua, akaona haujatakata, akaufagia tena. Alichemsha chai akaisahau mekoni mpaka ikafanya utando. Alihamisha viti vya sebuleni kutoka ukutani hadi dirishani, kisha akavirudisha palepale vilipokuwa. Mama yake, Wangechi, alikuwa ameketi mlangoni na karai la udongo wa mfinyanzi mapajani, akimwangalia akipita na kupita.

"Wewe Wacera, ati unatafuta nini kwa hii nyumba?"

"Sitafuti kitu, Maitu."

"Basi kaa chini. Unanizungusha kichwa."

Hakukaa. Angekaaje, na mama mkwe alikuwa njiani kutoka Nairobi? Nilesh, mumewe, alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kumchukua, na kabla ya jioni Ba angefika. Ba ndivyo familia ya Nilesh ilivyomwita mama, kwa Kigujarati chao. Ba alikuwa hajakanyaga nyumba ile ya Gatitu, nje kidogo ya mji wa Nyeri, tangu mjukuu wake azaliwe, na mjukuu sasa alikuwa gredi ya pili, meno ya mbele yameng'oka na mengine yanachungulia.

Kisa kilikuwa jina. Siku mtoto alipozaliwa Wacera hakuwaza mara mbili. Kwao, msichana wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na hakuna zawadi inayopita hiyo. Ukishampa mtoto jina lile, hata kumchapa unaona haya, maana ni kama unamchapa mama mkwe mwenyewe. Ba jina lake ni Hansa. Basi mtoto akawa Hansa, na Wacera, akiwa bado kitandani hospitalini, akapiga simu mwenyewe kupeleka habari njema. Kabla hajamaliza, simu ikakatika. Wacera akadhani ni mtandao.

Haukuwa mtandao. Katika familia ya Ba, mtoto hapewi jina la mzee ambaye bado anapumua. Kumpa ni kama kumwambia mzee: nafasi yako imepata mtu, sasa waweza kwenda. Nilesh alilijua jambo hilo. Lakini Nilesh, kwa wema wake wote, ni mmoja wa wale wanaume ambao neno la maana huwatoka wiki moja baada ya kuhitajika. Alipolisema, cheti kilikuwa kimeshaandikwa, na Wacera alikuwa amejifungia chooni analia kwa hasira.

Alikataa kulibadilisha. Ba naye alikataa kulitamka. Walionana harusini na matangani, wakasalimiana vizuri, wakaulizana afya. Ba alileta nguo za mtoto, tena nguo nzuri, lakini akimtaja ni "mtoto" tu, au "dikri", yaani binti. Mtoto alipokuwa mdogo halikumsumbua. Mwaka huu alimwuliza mama yake, akiwa anavaa soksi, "Mami, kwa nini Ba hajui jina langu?" Wacera alimvuta soksi mpaka ikakaribia kupasuka.

Kabla ya hapo baba yake Nilesh alikuwa amefariki, na mwaka mzima wa matanga taa za Diwali, sikukuu yao ya mwanga, hazikuwashwa. Matanga yalipokwisha Ba alipiga simu. Alisema anataka kuwasha taa Nyeri, mahali alipoletwa akiwa bibi arusi, mahali alipouza vipuri na misumari pamoja na mumewe mpaka walipomwachia Nilesh duka wakahamia Nairobi kwa binti yao. Alisema atalala Gatitu. Tangu simu ile Wacera hakuwa na usingizi wa kueleweka.

Kama ingekuwa hiari yake, angenunua mapambo yote dukani: mataji yanayometameta, taa za waya, unga wa rangi ulio tayari kwenye pakiti. Lakini nyumba ile ilikuwa na sheria. Mara ya mwisho walipopamba, upepo ulibeba taji moja la plastiki hadi kwa jirani yao Gicheru, na ng'ombe wa Gicheru akalila. Daktari wa mifugo aliitwa, na Gicheru akasimama langoni mwao akieleza, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, anavyowaona watu wanaoning'iniza uchafu. Toka siku hiyo Nilesh aliapa kwamba hakuna pambo litakaloingia kwake ambalo ng'ombe wa Gicheru hawezi kula akabaki mzima.

Mtoto aliipenda sana sheria hiyo. Kila kitu alikipima kwayo. Majani ya kutunga juu ya mlango yanapasa kuwa ya mwembe, lakini miembe haipendi baridi ya Nyeri, basi alitaka ya mparachichi. Wangechi akamwambia hayo humdhuru ng'ombe. Wakachuma ya mgomba, wakayapasua vipande na kuyashona kwa uzi wa katani pamoja na maua ya njano kutoka bustanini. Rangi za kuchora sakafuni walizitengeneza wenyewe: mchele wa Mwea uliolowekwa ukasagwa kuwa unga mweupe, manjano ya jikoni, bitiruti iliyokaushwa, na maganda ya kahawa yaliyotwangwa. Taa zenyewe, vile visahani vya udongo vya kutia samli na utambi wa pamba, Wangechi na mjukuu wake waliwahi kuzifinyanga kwa udongo wa mtoni, wakazianika, wakazichoma kwenye karai kuukuu lililojaa pumba za mbao. Nyingi zilipasuka. Zilizosalia zilikuwa zimepinda huku na huku, nyingine nyeusi upande mmoja, na mtoto alizilinda kama mayai. Leo walikuwa wanafinyanga nyingine chache za kujazia, ingawa Wangechi alisema wazi kwamba hazitakauka.

"Hii yangu imetoka poa," mtoto alisema, akimwinulia bibi yake kisahani. "Cucu, ona."

"Naona, Hansa. Iko sawa kabisa."

Wacera aliyekuwa akipita na ndoo alisimama.

"Maitu, si tulisema?"

"Mlisema nyinyi. Mimi sikusema."

Jambo lenyewe ni kwamba usiku uliopita Wacera alikuwa amepata mpango. Nilesh, kabla ya lile jina kupita, alikuwa amewahi kumpendekezea mtoto jina la Tara. Basi kwa muda wote Ba atakaokuwa hapa, mtoto ataitwa Tara. Hakuna atakayeumia. Ba hatalisikia jina lake likipigiwa kelele uani, atakula, atalala, atawasha taa zake, na mambo yatakwenda salama. Nilesh alipoambiwa alisema "sawa," neno analolisema kwa kila kitu. Mtoto aliuliza tu kama Tara atapewa peremende zaidi.

"Ni siku mbili tu," Wacera alimwambia mama yake. "Ni kitu gani kwako?"

"Jina ya mtu si kofia, ati unavua ukiingia kanisani." Wangechi aliponda udongo kwa kidole gumba. "Mimi nitamwita mami, vile tunaita wasichana wadogo. Hiyo nyingine sitaita. Na wewe unamfundisha mtoto kujificha kwao."

"Namfundisha heshima!"

"Haya."

Hiyo "haya" ilimkera Wacera kuliko tusi. Alimgeukia mtoto. "Sikiliza. Mtu akiita lile jina lingine, usiitike. Umesikia? Hata akiwa Cucu. Wewe ni nani?"

"Tara," mtoto alisema, macho yakiwa kwenye udongo.

Adhuhuri ilipopita walichora pambo la sakafuni, nje ya mlango. Wacera alitaka liwe kubwa, lenye petali za rangi zote, na alichora akiwa amepiga magoti kwenye saruji baridi mpaka mgongo ukamuuma. Mtoto alipewa kazi ya nyayo. Ni nyayo ndogo za mungu wa kike Lakshmi, zinazochorwa zikielekea ndani ili baraka zijue njia. Nilesh alikuwa amemfundisha namna yake: unachovya upande wa ngumi kwenye uji wa unga wa mchele, unaugonga chini, kisha unaweka vidole vya mguu kwa ncha ya kidole. Mtoto alizigonga toka langoni mpaka kizingitini, moja baada ya nyingine, ulimi nje.

Lilipendeza, nisiseme uongo. Hata Wangechi aliinuka kulitazama. Wacera aliingia ndani kubadilisha nguo, na kwa mara ya kwanza siku ile alipumua.

Alipotoka alikuta kuku wamo karamuni. Jogoo alikuwa amesimama katikati ya petali la manjano, na matetea wanadonoa unga wa Mwea kwa bidii, wakiburuta bitiruti huku na kule kwa makucha. Nusu ya pambo ilikuwa imeshaliwa. Wacera alitoa sauti ambayo hata yeye hakujua anayo, akavua ndara na kuirusha. Ndara ilimkosa jogoo, ikapita, ikatua langoni. Hapo langoni alikuwa amesimama Ba.

Alikuwa amevaa sari ya kijivu na sweta la bluu, kijikapu kimening'inia mkononi. Nyuma yake Nilesh ameshika begi na amefumba macho. Ba aliitazama ndara, akawatazama kuku, akamtazama mkwe wake aliyesimama mguu mmoja peku.

"Wacha wakule," Ba alisema. "Unga ni ya kukula. Mama yangu alikuwa anawekea mpaka siafu."

Aliingia kwa uangalifu, akikwepa nyayo za mtoto asizikanyage. Wacera alitaka ardhi immeze. Alichukua begi, akalirudisha kwa Nilesh, akalichukua tena, akasema karibu, karibu Ba, chai iko, na papo hapo akakumbuka kwamba chai ile ilikuwa imefanya utando.

Mchana ule ulimwendea vibaya, na ubaya wake ulikuwa na sura ya kuchekesha ambayo Wacera hakuweza kuicheka. Kila mara aliita, "Tara, leta maji ya Ba!" na mtoto hakugeuka. "Tara! Tara, si nakuita?" Mtoto aliendelea kukunja tambi za pamba, mpaka alipoguswa bega ndipo aliposhtuka, "Aa, ni mimi!" Nilesh naye alijaribu, "Tara, njoo," kwa sauti ya mtu anayesoma kibao cha barabarani. Wangechi aliita "mami" na kupata jibu kila mara, akamtupia binti yake jicho. Ba alikunywa chai yake polepole. Kadiri jina lile lilivyoitwa ndivyo alivyozidi kusogea ukingoni mwa kiti, na mwisho aliuliza:

"Huyu mtoto iko na shida ya masikio?"

"Hapana, Ba," Wacera alisema haraka. "Ni mchezo tu umemzidi."

Ba akaitikia kwa kichwa. Uso wake ulikuwa umefungwa, na Wacera hakujua kosa liko wapi. Alikuwa ameliondoa lile jina, ameondoa chanzo chote cha ugomvi, na bado bibi huyu alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyefika kwenye matanga akakuta marehemu ameshazikwa. Wacera aliinuka kufuta meza iliyokuwa safi. Moyoni alikuwa anakasirika, na hasira ile ilimwogopesha, kwa sababu bado usiku ulikuwa mbele yao.

Jua lilipotua nyuma ya mikaratusi ukungu ulianza kushuka. Wangechi na mtoto walitoka na taa za kwanza, kuzipanga kandokando ya njia mpaka langoni. Ndani, mezani, Ba alianza kutia samli katika zilizobaki. Ni mwanamke aliyetumia maisha yake nyuma ya kaunta. Hawezi kutumia chombo kabla ya kukikagua. Alichukua kisahani kimoja akakipindua kutafuta ufa.

Mkono wake ukasita. Alikiweka, akachukua cha pili, akakipindua. Akachukua cha tatu.

Wacera alisogea, naye akaona. Chini ya kila taa, kwa msumari, herufi zikiwa zimelala upande, palikuwa pamechorwa HANSA. Shuleni watoto huambiwa watie jina kwenye kazi yao ya mikono, na mtoto alikuwa ametii kabla hajafanywa Tara. Taa ya udongo, tayari kuwashwa kama ya kumkumbuka marehemu, na chini yake jina la bibi kizee ambaye kwa miaka yote alikuwa akiliogopa jina hilo! Hata angekusudia kumtukana asingeweza kupata tusi kubwa hivyo.

"Nani ameandika jina yangu kwa taa?" Ba aliuliza.

Nilesh alitazama dari. Wacera alimngoja kidogo, kama alivyomngoja siku zote, halafu akaona heri aseme mwenyewe.

"Ni mtoto, Ba. Hakuandika lako, aliandika lake. Hatukulibadilisha. Nilimwambia aitwe Tara ukiwa hapa, usisumbuke. Nisamehe."

"Nikiwa hapa tu?"

"Ndiyo. Mpaka urudi Nairobi."

Ba alivuta kiti akakaa, taa bado mkononi, samli ikimdondokea vidoleni.

"Mimi nilifikiri mumeiondoa," alisema. "Tangu nimeingia ni Tara, Tara. Nikasema, basi, Hansa, umechelewa. Walingoja wakachoka."

Wacera aliipokea ile taa kutoka mkononi mwake, akaiweka mezani.

"Wacera, mimi najua mambo yenu. Nimeuzia watu wa Nyeri misumari miaka mingi, nimekula kwa ngurario zao, hizo harusi za kimila, najua kwa nini uliita mtoto hivyo. Lakini kujua si kitu ukiwa na uoga. Nikikohoa nasema, ndio hiyo, mtoto ananisukuma. Nikiumwa mguu nasema, ndio hiyo. Nimengoja kufa, nikangoja. Halafu akaenda babake Nilesh." Alifuta mkono kwa pindo la sari, akaukosa ule wenye samli. "Yeye hakuna mtoto aliitwa jina yake. Hakuna mahali nitaisikia tena. Yangu, mtu alinitunzia, na mimi nikakataa."

"Ba, mtoto aliniuliza kwa nini hujui jina lake." Sauti ya Wacera ilipanda, na safari hii haikuwa kwa woga. Ilikuwa hasira ya miaka yote, na aliitoa. "Aliniuliza akivaa soksi, na mimi sikuwa na la kumwambia. Nguo ulizomletea ni nzuri. Lakini yeye alitaka hilo tu!"

"Mama..." Nilesh alianza, bila kuonyesha anamwita yupi kati yao.

"Wewe nyamaza, si umezoea," Ba alimwambia. Kisha akamwinamishia Wacera kichwa. "Ni kweli. Hiyo kosa ni yangu, siwezi kukatalia. Leo kwa gari nilikuwa nafanya mazoezi ya kuiita, polepole, hapa kwa mdomo. Nilesh alifikiri naomba."

"Nilifikiri unaomba," Nilesh alikiri.

Wacera hakujua acheke au alie, na kabla hajaamua, mabati yakaanza kulia. Mvua ilikuwa imeanguka bila kutoa taarifa. Alikimbilia dirishani. Njiani taa zilikuwa zinazimika moja moja, nyayo za unga zinayeyuka kuwa maziwa mepesi, na Wangechi amejifunika kanga anakimbilia barazani. Mtoto hakukimbia. Alikuwa amechuchumaa langoni, anaziokota taa zake na kuzijaza kwenye upindo wa gauni.

Ba alikuwa ameshafika mlangoni. Alishika mwimo, akavuta pumzi. Neno la kwanza lilitoka kama kikohozi.

"Hansa."

Mtoto aliinua kichwa papo hapo. Masikio yake yalikuwa mazima kabisa. Alimwona bibi yake amesimama kwenye mwanga, akafungua kinywa, akakifunga. Macho yake yalipita juu ya bega la Ba yakamtafuta mama yake, na maji yakimtiririka usoni akauliza kwa sauti kuu, majirani wote wasikie:

"Mami! Niitike?"

Ba aligeuka. Wacera aliyaona macho yale yanayomngoja, ya mkubwa na ya mdogo, na alijua ni yeye aliyemfundisha mtoto swali lile. Alitoka mpaka mvuani, peku, akasimama juu ya kile kilichobaki cha pambo lake.

"Itika!" alisema. "Itika, mama. Ni jina lako."

"Hansa!" Ba aliita tena, na sasa ilikuwa sauti ya dukani, ile ya kuita mteja aliyesahau chenji hadi ng'ambo ya barabara. "Hansa, ingia ndani, utaugua!"

"Naam, Ba! Nakuja!"

Alikuja mbio, taa zikigongana kwenye gauni, nyayo zake za matope zikielekea ndani.